Sura ya Nne: Vipokezi vya Homoni na Maumbile ya Uzazi ya Mtoto Tumboni

Katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, jinsia ya mtoto imekuwa tangu zamani na uzito unaoipita furaha ya siku ya kujifungua, kwa kuwa kwa mila ya Wachaga mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, binti wa kwanza hupewa la bibi mzaa baba, na kitinda mimba wa kiume ndiye aliyetarajiwa kubaki katika kihamba cha wazazi, kuwatunza uzeeni na kuwazika kando ya migomba yao. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini swali la kwanza linaloulizwa nje ya chumba cha kujifungulia halijabadilika, na mkunga hulijibu kwa kumtazama mtoto mara moja tu. Katika vizazi vilivyo vingi mno jibu lake huwa sahihi. Kazi iliyofanya jibu hilo liwezekane ilikuwa imekwisha miezi kadhaa nyuma, kati ya wiki ya 6 na ya 12 tangu yai kurutubishwa, wakati ambapo wajawazito wengi nchini Tanzania hawajaanza hata kwenda kliniki. Wiki zinazotajwa katika sura hii zinahesabiwa tangu kurutubishwa kwa yai. Anayezilinganisha na zile za kadi ya kliniki, ambazo huhesabiwa tangu hedhi ya mwisho, aongeze takriban wiki 2.

Maelezo yanayofundishwa shuleni husema kwamba mtoto mwenye kromosomu X mbili huwa msichana na mwenye X moja na Y moja huwa mvulana, kisha huongeza kwamba homoni hukamilisha kazi. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaacha kiungo cha katikati, na kiungo hicho ndicho kinachoeleza kwa nini mtoto mwenye kromosomu Y, mwenye korodani zinazotoa homoni ya kiume kwa wingi, anaweza kuzaliwa, kukua na kuolewa akiwa mwanamke. Homoni ni kemikali inayotolewa na tezi na kusafirishwa kwa damu, na kwa kuwa damu hupita kila mahali, homoni ile ile hufika kwenye ngozi, mifupa, ini na ubongo bila kubagua. Kinachobagua ni seli. Seli yenye kipokezi, yaani protini yenye umbo linaloweza kuishika homoni fulani na kubadilika inapoishika, hupata amri. Seli isiyo nacho haipati amri yoyote hata ikizungukwa na homoni hiyo mchana na usiku. Mkulima wa mlimani anaweza kulifahamu jambo hili kwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia: wingi wa maji yanayoteremka kutoka msituni hausemi lolote kuhusu kihamba kilichonyweshwa, mpaka ijulikane ni nani aliyeyafungulia njia ya kuingia shambani kwake.

Vipokezi vinavyohusika na maumbile ya uzazi viko vya namna mbili kubwa. Vya kwanza hukaa kwenye utando wa nje wa seli, kwa sababu homoni zinazovihusu ni protini zisizoweza kupenya utando huo wa mafuta. Homoni inaposhikwa kwa nje, sehemu ya kipokezi iliyo ndani huanzisha mfululizo wa mabadiliko ya kikemia mpaka amri ifike kwenye jeni. Vya pili hukaa ndani ya seli yenyewe, na homoni zake, kama testosteroni na estrojeni, hutengenezwa kutokana na kolesteroli na hivyo hupenya utando bila shida. Binadamu ana jeni 48 za vipokezi vya ukoo huu wa pili, na baadhi ya vipokezi hivyo huitwa yatima kwa sababu homoni inayovihusu haijapatikana. Kipokezi cha androjeni, yaani cha homoni za kiume kwa jumla, kinafaa kutazamwa kwa karibu kuliko vingine. Kabla homoni haijafika, kipokezi hiki hukaa kimya kikiwa kimeshikiliwa na protini wasaidizi zinazokizuia kisijikunje vibaya. Testosteroni inapoingia katika nafasi yake, umbo la kipokezi hubadilika, wasaidizi huachia, kipokezi huingia katika kiini cha seli, huungana na mwenzake kuwa jozi, na jozi hiyo hushika sehemu maalumu za DNA ambako huita protini nyingine za kuwasha au kuzima jeni. Homoni, kwa hiyo, haigusi jeni kabisa. Kinachogusa jeni ni kipokezi.

Mpaka karibu wiki ya 6, kiinitete cha kike na cha kiume havina tofauti ya umbo katika viungo vya uzazi. Kila kimoja kina jozi ya tezi ambazo bado hazijawa ovari wala korodani, na kila kimoja kina jozi mbili za mirija: ile ya Wolff, ambayo inaweza kuwa njia za mbegu za kiume, na ile ya Müller, ambayo inaweza kuwa mirija ya uzazi, mji wa mimba na sehemu ya juu ya uke. Kwa nje kuna kichomozi kidogo, mikunjo miwili na mavimbe mawili, ambavyo vinaweza kuwa kinembe na mashavu ya uke, au uume na mfuko wa korodani. Kisha, katika kiinitete chenye kromosomu Y, jeni iitwayo SRY, ambayo watafiti wa London waliitambulisha mwaka 1990, huwaka kwa muda mfupi na kuiamsha jeni nyingine iitwayo SOX9, na tezi huanza kuwa korodani.

Kinachofuata kilieleweka kwanza kwa kazi ya Mfaransa Alfred Jost, ambaye katika miaka ya 1940 mjini Paris alifungua matumbo ya sungura wenye mimba, akaziondoa tezi za uzazi za vijusi kabla jinsia yao haijajipambanua, akashona na kusubiri. Vijusi vyote, viwe vya kike au vya kiume, viliendelea na mirija ya Müller na sura ya kike. Alipoweka chembe ya testosteroni mahali pa korodani, mirija ya Wolff ilistawi, lakini ile ya Müller haikuondoka. Jost akahitimisha kwamba korodani hutoa vitu viwili tofauti, kimoja cha kujenga na kingine cha kuondoa, na hicho cha pili kilipotambuliwa kiliitwa homoni ya kuzuia mirija ya Müller, ambayo kwa kifupi cha kitaalamu huandikwa AMH.

Kutokana na majaribio hayo ilienea imani kwamba maumbile ya kike hutokea yenyewe tu, kwa kukosekana kwa amri, na imani hiyo bado imo katika vitabu vingi vya kiada. Haistahili kuendelea kufundishwa hivyo. Ovari hujengwa kwa juhudi za jeni zake, kama WNT4 na RSPO1, na mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba katika panya jike mirija ya Wolff haifi kwa kukosa testosteroni pekee, bali huondolewa kwa kazi ya kimoja cha vile vipokezi yatima, kiitwacho COUP-TFII. Kipokezi hicho kilipoondolewa, majike yalizaliwa na mirija ya aina zote mbili. Mtoto wa kike naye anajengwa, na vipokezi vina sehemu yao katika ujenzi huo.

Amri ya kwanza inayopokelewa na korodani changa inatoka mahali ambapo wengi wasingepatarajia, yaani kwenye kondo la nyuma. Homoni inayotafutwa na kipimo cha mimba cha mkojo, kile kinachouzwa katika kila duka la dawa la Moshi mjini, ndiyo hiyo hiyo inayoshikwa na kipokezi kilicho juu ya seli za Leydig ndani ya korodani na kuzifanya zianze kutengeneza testosteroni karibu na wiki ya 8. Tezi ya pituitari ya kijusi chenyewe huchukua jukumu hilo baadaye, kwa kutoa homoni inayofanana na ile ya kondo na inayotumia kipokezi hicho hicho. Mpangilio huu unafafanua jambo linaloonekana wodini: mtoto wa kiume ambaye pituitari yake haifanyi kazi huzaliwa na uume mdogo lakini wenye umbo kamili, kwa kuwa wakati wa kuumbika alitegemea homoni ya kondo, ilhali yule ambaye kipokezi hicho cha seli za Leydig hakifanyi kazi kabisa huzaliwa na sura ya nje ya kike, kwa sababu ujumbe wa kondo na wa pituitari yote miwili uligonga mlango usiofunguka.

Testosteroni ikishapatikana, kipokezi kimoja cha androjeni hufanya kazi mbili. Mirija ya Wolff, iliyo jirani kabisa na korodani, hupata testosteroni yenyewe kwa wingi na kuitumia ilivyo. Ngozi ya viungo vya nje iko mbali, na huko kimeng'enya kiitwacho 5-alfa reduktesi huigeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, homoni inayoshikwa na kipokezi hicho hicho kwa nguvu zaidi na kuachiwa polepole. Mwaka 1974 watafiti walichapisha habari za familia za Jamhuri ya Dominika ambazo baadhi ya watoto wake wenye kromosomu XY walikosa kimeng'enya hiki: walizaliwa na sura ya nje inayokaribia ya kike, wakalelewa kama wasichana, kisha wakati wa balehe, testosteroni ilipoongezeka sana, sauti ikawa nzito, misuli ikajaa na uume ukakua. Vipokezi vyao vilikuwa vizima muda wote. Kilichokosekana ni homoni yenye nguvu ya kuvitosheleza wakati wa wiki zile chache.

Kushuka kwa korodani kunahitaji vipokezi viwili kwa zamu. Katika hatua ya kwanza, homoni iitwayo INSL3 inashikwa na kipokezi chake kwenye kano inayozifunga korodani, na kano hiyo huzishikilia karibu na kinena wakati tumbo la kijusi linapotanuka. Hatua ya pili, ya kupita kinenani hadi kwenye mfuko wake, inaongozwa na androjeni kuanzia karibu wiki ya 25 ya mimba. Ndiyo maana watoto njiti wengi wa kiume huzaliwa korodani zikiwa hazijashuka, na mama zao hawana sababu ya kuogopa mapema, kwa kuwa nyingi hushuka zenyewe katika miezi michache ya mwanzo. Zile zisizoshuka mpaka mtoto anapofikisha miezi 6 ndizo zinazohitaji daktari wa upasuaji.

Umuhimu wa vipokezi unaonekana kwa uwazi mkubwa kuliko wote pale kipokezi cha androjeni kinaposhindwa kabisa. Jeni yake, iliyotambuliwa mwaka 1988, iko kwenye kromosomu X, na yamekwisha kuelezwa mamia ya mabadiliko ndani yake, mengine yakiharibu sehemu inayoshika homoni na mengine ile inayoshika DNA. Daktari Mmarekani John Morris alikusanya habari za wanawake 82 wa aina hii mwaka 1953 na kuipa hali hiyo jina ambalo leo limeachwa kwa kuwa linawadhalilisha; jina linalotumika sasa ni kutoitikia androjeni, na makadirio ya kimataifa ya sura yake kamili ni mtoto mmoja kati ya 20,000 hadi 64,000 wenye kromosomu XY. Mfuatano wa matokeo unaweza kutabiriwa na yeyote aliyefuata maelezo ya hapo juu. SRY ni nzima, kwa hiyo korodani zinajengwa. Korodani zinatoa AMH, na kipokezi cha AMH ni kizima, kwa hiyo mirija ya Müller inaondolewa na mji wa mimba haupo. Korodani zinatoa testosteroni, lakini hakuna seli inayoisikia, kwa hiyo mirija ya Wolff inanyauka na viungo vya nje vinakuwa vya kike kamili. Wakati wa balehe, testosteroni iliyokosa wa kuipokea hugeuzwa kuwa estrojeni, na kwa kuwa vipokezi vya estrojeni ni vizima, matiti hukua vizuri, ingawa nywele za kwapani na za sehemu za siri huwa chache sana au hazioti. Kinachokosekana ni hedhi.

Katika mkoa wa Kilimanjaro hali hii inaweza kugunduliwa kwa njia mbili, kama ilivyo kwingineko. Njia ya kwanza ni ngiri: mtoto mchanga wa kike anapelekwa hospitali ya wilaya akiwa na uvimbe kinenani, mara nyingine pande zote mbili, na mpasuaji anapofungua anakuta korodani mahali alipotarajia kukuta utumbo au ovari. Njia ya pili ni msichana wa sekondari aliyefikisha miaka 16, mwenye maumbile yote ya kike, ambaye wenzake wote wamekwisha kuvunja ungo na yeye bado. Wote wawili hupewa rufaa kwenda KCMC, hospitali ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971 juu kidogo ya mji wa Moshi, ambayo ina wataalamu wa watoto, wa wanawake na wa urolojia chini ya paa moja. Hapo inafaa kusemwa wazi kwamba korodani zilizokutwa kwa mtoto wa namna hii hazina sababu ya kuondolewa siku hiyo hiyo. Hatari ya saratani kabla ya balehe ni ndogo, na tezi hizo ndizo zitakazompatia estrojeni ya kukuza matiti na kuimarisha mifupa. Anayezikata kwa mshangao humfunga mtoto kwenye vidonge vya homoni kwa miaka mingi, katika mazingira ambamo vidonge havipatikani kila mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotoa majibu ya vipimo wanapaswa kulitangulia. Kwa kuwa jeni iko kwenye kromosomu X, na mtoto mwenye XY hupata X yake kwa mama peke yake, ni rahisi ukoo ukageuza maelezo ya kitabibu kuwa mashtaka dhidi ya mama. Ukweli ni kwamba karibu theluthi moja ya mabadiliko haya hutokea upya, bila mama kuwa nayo. Na pale anapokuwa nayo, mama aliyapokea bila kujua na bila kuumwa, huenda kutoka kwa mama yake. Hakuna chakula, pombe ya mbege, kazi nzito ya shambani wala laana iliyoyaleta. Mwanamke huyo kijana mwenyewe, kwa upande wake, anastahili kuambiwa ukweli wote na mtu anayemheshimu, kwa maneno anayoyaelewa na kwa umri unaofaa, ukiwemo ukweli kwamba hatabeba mimba, kwa sababu kufichwa kumewaumiza wengi kuliko habari yenyewe.

Kipokezi cha androjeni kimefika hadi kwenye viwanja vya riadha. Katika fainali ya mita 800 za wanawake mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, Francine Niyonsaba wa Burundi alipata medali ya fedha na Margaret Wambui wa Kenya ya shaba, na wote wawili walijikuta nje ya mbio hizo baada ya shirikisho la riadha la dunia kuanza kutumia, mwaka 2019, kanuni zilizoweka kikomo cha testosteroni kwa baadhi ya wanariadha wanawake katika mbio za mita 400 hadi maili moja. Bila kuamua hapa haki ya kanuni hizo, ambayo imebishaniwa mahakamani kwa miaka, ni muhimu kuona kwamba waandishi wake walilazimika kuongeza sharti: kikomo kilimhusu tu yule ambaye mwili wake unaitikia androjeni. Hata wanasheria waligundua kwamba kipimo cha homoni peke yake hakitoshi.

Upande wa pili wa hali ya kutoitikia androjeni ni kipokezi cha AMH kuharibika huku kile cha androjeni kikiwa kizima. Mtoto huzaliwa mvulana kamili kwa sura ya nje, lakini mirija ya Müller haikuondolewa, na mji wa mimba hukutwa ndani ya tumbo lake, mara nyingi na daktari aliyekuwa akitengeneza ngiri au akitafuta korodani zisizoshuka. Karibu nusu ya watoto hawa wana kosa katika jeni ya homoni yenyewe na karibu nusu katika ile ya kipokezi. Kwa macho ya mpasuaji hakuna tofauti, bali kwa kipimo cha damu ipo, kwani mwenye kipokezi kibovu huwa na AMH ya kutosha inayozunguka bila kazi.

Kipokezi cha androjeni hakiko kwa watoto wa kiume peke yao, na hapa ndipo penye hatari ya kufa. Mtoto wa kike naye anacho, katika tishu zile zile, ila kwa kawaida hakipati homoni ya kutosha wakati wa kuumbika. Katika ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali, ambazo hukaa juu ya figo, kimeng'enya cha kutengenezea kotisoli hukosekana. Pituitari, isiposikia kotisoli kupitia kipokezi chake, huzidi kuzisukuma tezi hizo, nazo hukua na kumwaga androjeni badala yake. Kijusi cha kike chenye ovari na mji wa mimba kamili huipokea androjeni hiyo kwa vipokezi vyake vizima, na mtoto huzaliwa akiwa na kinembe kilichokua kama uume na mashavu ya uke yaliyoungana. Makadirio ya dunia ni takriban mtoto mmoja kati ya 15,000. Wengi wao hupoteza pia chumvi mwilini, na katika wiki ya pili ya maisha huanza kutapika, kulegea na kukauka, dalili ambazo katika zahanati huonekana kama za kuhara au maambukizi. Watoto wa kiume wenye ugonjwa huu huzaliwa na sura ya kawaida, kwa hiyo wengi hufa bila ugonjwa kutajwa. Dawa yake ni haidrokotisoni, homoni ya kuhifadhi chumvi na chumvi yenyewe, na mtoto anayezipata hukua na kusoma kama wenzake. Tangu mwaka 2008 kituo cha Nairobi kinachoungwa mkono na jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa homoni za watoto kimekuwa kikifundisha madaktari wa Afrika, Watanzania wakiwemo, na hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa, kwa kuwa daktari mmoja anayeufahamu ugonjwa huu huwafundisha wakunga wa kanda nzima.

Vipokezi vina udhaifu mmoja: havitambui asili ya kinachovishika. Dawa ya DES, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1938 ikafanana na estrojeni kwa kazi ingawa haifanani nayo kwa umbo, ilitolewa kwa wajawazito wengi wa Ulaya na Marekani kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika, na mwaka 1971 ikabainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa walipata saratani adimu ya uke, na wengine walikuwa na mji wa mimba wenye umbo lisilo la kawaida. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba DDE, kitu kinachobaki DDT inapovunjika, hukalia nafasi ya homoni kwenye kipokezi cha androjeni na kuizuia homoni isiingie. Dawa ya ukungu iitwayo vinklozolini hufanya vivyo hivyo, na panya dume waliopewa kwa kiwango kikubwa wakiwa tumboni walizaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha.

Habari hizi haziko mbali na mlima. Kahawa ilipandwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, ikaujenga uchumi wa Wachaga na chama chao cha ushirika cha KNCU, na kwa miongo mingi ilipigwa dawa dhidi ya chulebuni, kutu ya majani na wadudu, huku migomba, mifereji ya maji, jiko na kitanda cha mjamzito vikiwa ndani ya kihamba hicho hicho. Mtafiti Aiwerasia Vera Ngowi alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi wakulima wa kahawa na mboga wa kaskazini mwa Tanzania wanavyozitumia dawa hizo na zinavyowafikia mwilini. DDT na endosalfani zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania imeuridhia, na aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu, zilizotolewa na kituo cha utafiti cha TaCRI huko Lyamungu, zinampunguzia mkulima haja ya kupiga dawa. Hata hivyo jaribio la panya haliwezi kugeuzwa kuwa hukumu juu ya mtoto mmoja wa Kibosho. Kinachoweza kulivusha jambo hili kutoka maabara hadi kijijini ni kuhesabu watoto kwa uaminifu, na Moshi ina chombo ambacho hospitali chache za Afrika zinacho: daftari la vizazi la KCMC, lililoanza mwaka 2000 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei, ambamo wauguzi wakunga humhoji kila mama baada ya kujifungua na kuandika afya yake, kazi yake na hali ya mtoto. Daftari hilo likiandika kwa makini mahali lilipo tundu la mkojo na kama korodani zimeshuka, pamoja na kazi za shamba ambazo mama alizifanya katika miezi mitatu ya kwanza, litajibu swali ambalo maabara za nchi tajiri haziwezi kulijibu kwa niaba ya wakulima wa kahawa.

Kuhesabu kunabadilisha sheria pia. Kenya iliwahesabu watu wenye jinsia tata katika sensa ya mwaka 2019, ikapata 1,524, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 ikawataja watoto wenye hali hiyo na kuwalinda. Madaktari wa nchi nyingi, tangu makubaliano ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2006, wanashauriwa kutoharakisha upasuaji wa sura ya nje usio wa lazima kwa uhai, na kufanya uamuzi kwa pamoja na familia.

Kwa wazazi na wakunga wa vijiji vya mlimani yako mambo mawili yasiyohitaji maabara. Mtoto mchanga ambaye sehemu zake za siri hazieleweki, au anayeonekana mvulana lakini korodani hazipapasiki hata moja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na akianza kutapika na kulegea katika wiki ya pili ichukuliwe kuwa dharura. Na mvulana ambaye tundu lake la mkojo haliko kwenye ncha ya uume asitahiriwe na yeyote, nyumbani wala zahanati, kabla ya kuonwa na daktari wa urolojia, kwa kuwa ngozi ya govi inayotupwa siku ya tohara ndiyo ambayo daktari huyo huihitaji kutengenezea njia ya mkojo.